Uzi: Propela ya Rotax 912 ULS kwa ndege ya kujijengea, uwanja ulio futi 5,500 juu ya bahari. Kipenyo gani, pichi gani, mapanga mangapi?

#1 Riveti_Syokimau

Hamjambo wadau. Nataka kuagiza propela kabla mwezi haujaisha na sitaki kununua mara mbili.

Ndege ni ya viti viwili, mabawa juu, gurudumu la pua, uzito wa juu kabisa kilo 600. Injini ni Rotax 912 ULS, hosipawa 100 kwa mizunguko 5,800 kwa dakika, giaboksi ya 2.43 (propela inazunguka mara 2.43 pungufu ya injini). Kutoka katikati ya flanji (sahani ya shafti inayofungiwa propela) hadi ardhini ni sentimita 118, ndege ikiwa imesawazishwa na imebeba watu wawili na mafuta. Mwendo wa safari ninaotarajia ni noti 90 za kweli (noti ni maili ya baharini kwa saa; "za kweli" ni kasi halisi hewani, si inayosomwa kwenye kipimo). Kituo chake kitakuwa Wilson, Nairobi, wikendi viwanja vya changarawe upande wa Kajiado, na mara mojamoja pwani, Ukunda au Malindi.

Nauliza: mapanga mawili au matatu? Inchi 68 au 72? Pichi (pembe ya mapanga) iliyo kwenye michoro imewekwa kwa uwanja wa usawa wa bahari, je, nipunguze digrii mbili au tatu kwa kuwa sisi tuko juu?

#2 Kipenyo72

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linalowapoteza wengi. Usipunguze digrii mbili wala tatu kwa sababu ya mwinuko peke yake. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza nguvu hewa inapokuwa nyepesi, ni kweli. Lakini propela nayo inazunguka ndani ya hewa hiyohiyo, kwa hiyo mzigo wake unapungua karibu kwa kiasi kilekile.

Tuweke namba. Wilson iko futi 5,546. Kwa mwinuko huo, joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 4 hivi. Mchana wa Februari kipimajoto kikisoma 26, kila digrii iliyozidi inaongeza kama futi 120, kwa hiyo mwinuko wa densiti (mwinuko ambao hewa ya kawaida ingekuwa nyepesi hivyo) unafika karibu futi 8,200. Hapo uzito wa hewa ni kama asilimia 78 ya ule wa usawa wa bahari siku ya kawaida, na injini inatoa kama asilimia 75 ya nguvu yake kwa mizunguko ileile. Ukinzani wa propela hufuata uzito wa hewa na mraba wa mizunguko. Gawanya 0.75 kwa 0.78, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata 0.98. Yaani propela inayofika mizunguko 5,400 huko Ukunda ndege ikiwa imesimama, hapa itafika karibu 5,300. Tofauti ya mizunguko mia moja hurekebishwa kwa nusu digrii.

Kinachopotea ni msukumo. Msukumo wa ndege iliyosimama hufuata nguvu na uzito wa hewa kwa pamoja, na kwa hesabu hiyo Wilson mchana unabaki na kama asilimia 76. Kipimo cha mizunguko kitakuonyesha mambo ni shwari huku robo ya msukumo haipo. Ukipunguza pichi digrii tatu, robo hiyo hairudi. Injini itapiga kelele, itavuka 5,800 kwenye safari, na utalazimika kurudisha gesi nyuma ili usiiumize.

Kwa hiyo anza na kipenyo, pichi baadaye. Kwa nguvu ileile, msukumo wa ndege iliyosimama huongezeka kadiri duara la propela linavyopanuka. Kutoka inchi 68 hadi 72 unapata karibu asilimia 4 zaidi bila kuongeza tone la mafuta. Hakuna marekebisho ya pichi yatakayokupa hivyo bure.

#3 Mlango_wa_Hanga

Kipenyo72, nakubaliana na hesabu ila sikubali jinsi utakavyosomwa. Watu wakisikia "usipunguze pichi" wataondoka na propela ya safari kwenye uwanja wa futi 5,500, na hilo ni kosa kubwa zaidi.

Angalia hali ya kupanda. Kipimo kikisoma noti 60, kwa mwinuko wa densiti wa futi 8,200 mwendo wa kweli ni kama noti 68. Kwa mizunguko 5,400 ya injini, propela inazunguka 2,222. Kanuni ni rahisi: noti za kweli mara 1,215, gawanya kwa mizunguko ya propela, unapata inchi ambazo ndege inasonga kwa kila mzunguko. Wakati wa kupanda ni inchi 37. Kwenye safari, noti 90 na injini 5,500 (propela 2,263), ni inchi 48. Ukichukua propela ya inchi 72 na kupima robo tatu ya nusu-kipenyo, yaani inchi 27 kutoka katikati, njia ya hewa inaingia kwa digrii 12 wakati wa kupanda na digrii 16 kwenye safari. Panga lenye pembe isiyobadilika haliwezi kuridhisha hali zote mbili. Ukilipanga kwa ajili ya safari, wakati wa kupanda linauma hewa kwa pembe kubwa mno, mizunguko inashuka hadi 5,100, na nguvu uliyobakiwa nayo inashuka pamoja nayo.

Na si suala la nguvu tu. Rotax wanataka uepuke gesi kamili chini ya mizunguko 5,200. Injini inayosukumwa gesi yote huku propela ikiizuia inapata shinikizo kubwa ndani ya silinda, joto linapanda, mafuta yanaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na giaboksi inapigwa. Kwa hiyo punguza pichi, ndiyo, lakini ufuate mizunguko ya kupanda. Usifuate namba uliyoambiwa na mtu.

#4 Kipenyo72

Sawa kabisa, na ndivyo nilivyomaanisha. Mwinuko peke yake unadai nusu digrii. Uamuzi wa kutanguliza kupanda unaweza kudai digrii nzima au moja na nusu, na kwa uwanja wenye miti au vilima mwishoni ningefanya hivyo bila kusita. Hiyo ni hesabu nyingine, isichanganywe na ya mwinuko.

Riveti, shabaha zangu kwako, zote zikipimwa Wilson mchana: gesi kamili ndege ikiwa imesimama, 5,200 hadi 5,300. Kupanda kwa noti 60 za kipimo, 5,350 hadi 5,450. Gesi kamili ndege ikiwa imenyooka, 5,600 hadi 5,650, usivuke hapo. Najua mwongozo unaruhusu 5,800 kwa dakika tano na 5,500 muda wote, na utashawishika kuisogeza hadi 5,780 ili upate kupanda zaidi. Ila kumbuka safari za pwani. Ile asilimia mbili inarudi ukishuka: 5,650 ya hapa inakuwa kama 5,760 Malindi, bado uko salama. Ukiweka 5,780 hapa, kule unagonga karibu 5,900.

#5 Riveti_Syokimau

Asanteni, sasa nimeelewa. Hizo digrii nazipima vipi ili mapanga yawe sawa? Na mawili au matatu?

#6 Spana_SouthC

Kupima pichi kwa propela inayorekebishwa ardhini:

Weka vizuizi kwenye magurudumu, zima swichi zote mbili za moto, toa waya za plagi na plagi zenyewe za juu ili injini izunguke kwa mkono bila mgandamizo. Weka kipimapembe cha kidijitali juu ya uso wa flanji na ukisawazishe hapo kiwe sifuri. Usikisawazishe kwa sakafu ya hanga, sakafu nyingi zina mteremko wa kutoa maji. Weka alama kwenye kila panga kwa umbali uleule kutoka katikati. Mtengenezaji anasema umbali upi, wengine wanapima robo tatu, wengine karibu na ncha. Kwa hiyo "digrii 17" ya propela moja si "digrii 17" ya nyingine, na namba ya rafiki mwenye propela ya kampuni tofauti haikusaidii kitu.

Kila panga lipimwe likiwa mahali palepale, kwa mfano limelala upande wa kushoto. Beringi na giaboksi zina mchezo kidogo, na ukipima moja juu na jingine chini utapata tofauti isiyokuwepo. Mapanga yasipishane zaidi ya digrii 0.1, na 0.2 ndiyo mwisho. Wakati wa kukaza habu (kitovu kinachoshika mapanga), panga huwa linajisogeza. Kaza nusu, pima, kaza kamili, pima tena. Vipimo vya kabla ya kukaza kamili usiviandike hata kwenye daftari.

Digrii moja kwenye 912 hubadilisha mizunguko kati ya 150 na 250, kutegemea umbo la panga. Kwa hiyo badilisha nusu digrii kila mara.

Halafu fuatilia njia ya ncha. Simamisha ubao mbele ya ndege, panga moja likiwa chini, weka alama pale ncha inapogusa, zungusha hadi linalofuata. Tofauti isizidi milimita 3 kwa mbao. Kwa chuma mimi nataka milimita 1.5. Ikizidi, safisha uso wa flanji kwanza. Mara nyingi ni rangi au chembe ya kutu iliyobanwa katikati.

Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza bolti) iwe imekaguliwa. KEBS, shirika la viwango, hapa Popo Road wana maabara ya vipimo na wanakagua spana za toki. Spana ya bei rahisi kutoka Kirinyaga Road inaweza kuwa sahihi au isiwe, hujui mpaka ipimwe.

#7 Spana_SouthC

Nimesahau jambo la kipimo cha mizunguko chenyewe. Kabla ya kuamini namba yoyote kwenye uzi huu, linganisha kipimo cha ndani ya ndege na takometa ya mwanga (kifaa cha mkononi kinachohesabu mapanga yanapopita). Iweke kwenye idadi sahihi ya mapanga, mawili au matatu, na pima nje kwenye mwanga wa jua. Ndani ya hanga taa za umeme zinaweza kuidanganya. Simama nyuma ya mstari wa propela, kamwe usisimame kwenye mstari huo wala mbele yake.

Jaribio la gesi kamili: mafuta ya injini yafike angalau nyuzi 50 kwanza, ndege ifungwe mkiani kwa kamba imara, uwe juu ya lami safi. Kama kuna upepo, pima ukiwa umeelekea upepo, kisha geuka, uchukue wastani. Usizidishe sekunde chache. Rekodi joto la nje na mwinuko wa shinikizo, bila hivyo namba ya leo haiwezi kulinganishwa na ya Julai.

#8 Changarawe_Kajiado

Kuhusu kipenyo na changarawe.

Inchi 72 ni nusu-kipenyo cha sentimita 91.4. Toa kwenye 118, unabaki na 26.6. Kwa inchi 68 unabaki na 31.6. Kanuni za ndege ndogo zilizoidhinishwa, hadi 2017, zilitaka angalau inchi 7, karibu sentimita 18, kwa gurudumu la pua, na inchi 9, yaani sentimita 23, kwa gurudumu la mkia. Pia propela isiguse ardhi hata tairi la pua likiwa limepasuka na shoksi imeshuka hadi mwisho. Pima hilo kwa kweli: toa upepo tairi la pua, bonyeza pua hadi shoksi igote, kisha pima. Ukishapata zaidi ya sentimita 10 hapo, 72 inafaa.

Kwa lami sentimita 18 zinatosha. Kwa changarawe mimi sitaki chini ya 25. Ncha ya propela inaponyanyuka karibu na ardhi inaunda kimbunga kidogo kinachovuta mawe juu, na kinavuta zaidi ndege ikiwa imesimama na gesi iko juu. Kwa hiyo tabia ya rubani inaokoa propela kuliko sentimita tano za ziada: usifanye ukaguzi wa injini juu ya changarawe, ufanye ukiwa unasogea au tafuta sehemu yenye majani mafupi. Ongeza gesi polepole ndege ikianza kutembea, na kamili uitie ikishashika mwendo.

Ukingo wa mbele wa panga uwe na kinga ya nikeli au ya poliurethani, angalau theluthi ya nje. Mkanda wa poliurethani unabandikwa upya ukianza kunyanyuka ncha. Mkanda ulionyanyuka unaharibu mtiririko wa hewa, utaona mizunguko imebadilika na msukumo umepungua. Ukiubandika, bandika mapanga yote siku moja, kwa urefu uleule, la sivyo umevuruga mizani.

Panga la kaboni likipata mkwaruzo wa juu juu, linajazwa kwa epoksi kufuata karatasi ya mtengenezaji. Ukiona nyuzi zimekatika, au ukigonga kwa sarafu ukasikia sauti imefifia mahali fulani, liondoe kwenye ndege.

#9 FundiMbao

Naona kila mtu anazungumzia kaboni. Mbao isisahaulike, hasa kwa mwenye bajeti ndogo. Propela ya mbao ni nyepesi, haichoki kwa mtetemo kama chuma, na ikigusa ardhi inavunjika yenyewe na mara nyingi inapunguza madhara kwa injini, ingawa ukaguzi wa giaboksi na kranki (shafti kuu ya injini) ni lazima hata hivyo.

Tatizo lake hapa kwetu ni unyevu. Mbao iliyokaa Mombasa imejaa unyevu. Ilete Nairobi mwezi wa Januari, inakauka na habu inasinyaa kwa unene. Bolti zimebaki na urefu wao, mbano umepotea. Propela ya mbao inaendeshwa na msuguano kati ya uso wa habu na flanji. Bolti kazi yake ni kubana. Mbano ukipotea, habu inaanza kucheza kidogo sana, inasugua, inapata joto, inaungua. Ukiifungua unakuta uso mweusi na matundu ya bolti yamekuwa ya yai. Baada ya hapo bolti zenyewe zinakatika.

Kwa hiyo kagua mbano baada ya saa ya kwanza ya kuruka, tena kwenye saa 10, kisha kila saa 50, na kila ndege inapohamia hali nyingine ya hewa kwa zaidi ya wiki. Tumia namba za toki za mtengenezaji wa propela. Usichukue chati ya bolti za chuma kwa chuma, namba zile ni kubwa mno, zinaponda nyuzi za mbao, na mbao iliyopondwa haishiki tena hata ukaze vipi. Nati za nailoni zikifunguliwa, weka mpya. Hakikisha pia uzi wa bolti hauishii ndani kabla ya kubana: kaza, kisha jaribu kupitisha karatasi nyembamba kati ya habu na sahani ya mbele.

Ukiegesha, panga zilale mlalo. Zikisimama wima unyevu unashuka kwenye panga la chini na asubuhi propela haina mizani.

#10 Kipenyo72

Mawili au matatu. Kwa kipenyo kilekile, matatu hayakupi msukumo mwingi zaidi kwa injini ya hosipawa 100. Yanakupa utulivu wa mtetemo na nafasi ya kupunguza kipenyo kama ardhi iko karibu. Mawili marefu ni mepesi na yanapanda vizuri. Kwako wewe, mwenye sentimita 118, ningeenda mawili ya inchi 72 yanayorekebishwa ardhini. Kama jaribio la tairi lililopasuka litashindwa, basi matatu ya 68.

Kasi ya ncha haikusumbui. Inchi 72 kwa mizunguko 2,387 ya propela ni mita 229 kwa sekunde, na sauti kwa nyuzi 26 husafiri mita 347, hiyo ni 0.66 ya kasi ya sauti. Tatizo la kelele na ukinzani linaanza kwenye 0.8 na kuendelea. Kasi ya sauti inafuata joto tu, mwinuko hauhesabiwi, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Julai ndipo ncha inapokaribia zaidi mpaka wake.

#11 Bito_Ruiru

Naomba kuingilia. Nina injini ya Volkswagen ya cc 1,915, haina giaboksi. Je, haya yote yananihusu? Kuna mtu ananiuzia propela ya alumini ya inchi 58.

#12 Mlango_wa_Hanga

Usiinunue. Kranki ya Volkswagen haikuundwa kubeba propela. Propela nzito ya alumini mbele ya kranki ile inaleta nguvu ya jairo (kitu kinachozunguka kukataa kugeuzwa) kila unapogeuka au kunyanyua pua, juu ya mapigo ya silinda nne, na kranki inapasuka nyuma ya habu. Tumia mbao, au kaboni nyepesi iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa habu yako.

Kipenyo kwa injini hiyo ni inchi 52 hadi 56. Inchi 54 kwa mizunguko 3,300 ni mita 237 kwa sekunde, nzuri. Injini ya Jabiru nayo haina giaboksi na hufika 3,300, na propela ya inchi 60 ncha yake inafika mita 263, sawa na 0.76. Hapo unaona kwa nini haiwezi kuvaa inchi 68. Jabiru pia hataki propela nzito, bolti za flaiwili ndizo zinazolipa gharama. Fuata orodha ya propela zinazokubalika na kiwanda.

Na yeyote mwenye propela ya chuma kwenye injini ya Lycoming: mchanganyiko wa injini na propela una mizunguko inayokatazwa. Injini nyingi za Lycoming O-360 zenye propela ya chuma ya Hartzell hazitakiwi kukaa kati ya 2,000 na 2,250. Usikate ncha za chuma ili kupata nafasi ya ardhi bila data ya mtengenezaji. Ukifupisha panga umebadilisha mtetemo wake wa asili, na panga linaweza kukatika saa nyingi baadaye bila onyo.

#13 Riveti_Syokimau

Swali la pembeni. Kuna mtu anauza injini ya Rotax 914 yenye tabo. Nikibadilisha injini, je, propela hiyohiyo itafaa?

#14 Kipenyo72

Hapo hesabu inageuka kabisa. 914 inashikilia hosipawa 115 hadi karibu futi 8,000, kwa hiyo Wilson haijapoteza nguvu, lakini hewa ya propela bado ni asilimia 78. Gawanya 1 kwa 0.78, kipeuo cha pili, unapata 1.13. Propela iliyopangwa 5,400 usawa wa bahari itataka kufika 6,100 hapa. Lazima uongeze pichi. Na ukiiongeza ikae sawa hapa, ukishuka Ukunda itashindwa kufika hata 4,900 kwa gesi kamili, chini kabisa ya ile 5,200. Kwa injini ya tabo inayoruka kati ya bara na pwani, propela inayobadilisha pichi hewani ni sehemu ya injini. Iingize kwenye bajeti kabla ya kununua tabo.

#15 Spana_SouthC

Jambo ambalo halijatajwa: hali ya ukinzani wa kuzunguka, yaani jinsi propela inavyokataa kuanza au kuacha kuzunguka. Rotax wanaweka mpaka wa kilo-sentimita mraba 6,000 kwa giaboksi ya 912. Ukizidi hapo, injini ikiwaka na kuzima inapiga meno ya gia. Kama muuzaji hana namba, ipime mwenyewe.

Ning'inize propela ilale mlalo kwa kamba mbili za urefu sawa, au tatu kama ina mapanga matatu, zikiwa zimefungwa kwa umbali sawa kutoka katikati. Izungushe kidogo, digrii 10 hivi, iachie, hesabu sekunde za mizunguko kumi ya kwenda na kurudi, gawanya kwa kumi. Kisha: uzito kwa kilo, mara 9.81, mara mraba wa umbali wa kamba kutoka katikati kwa mita, mara mraba wa sekunde, gawanya kwa 39.48 mara urefu wa kamba kwa mita. Mfano: kilo 5.5, kamba ziko mita 0.20 kutoka katikati, urefu mita 1.5, sekunde 3.1. Jibu ni 0.35. Zidisha kwa 10,000 upate 3,500. Iko salama.

Angalia pia mduara wa matundu ya flanji kabla ya kuagiza. Rotax ina milimita 75, 80 na 101.6, na si kila habu inakubali zote. Ukihitaji kipande cha kurefusha shafti ili spina (kofia ya mbele ya propela) ipite kava la injini, chukua kifupi iwezekanavyo. Nafasi kati ya mapanga na kava iwe angalau milimita 13, na ncha ya panga isipite karibu na kitu chochote cha ndege chini ya milimita 25.

#16 Mizigo_JKIA

Kwa upande wa usafirishaji: mizigo ya ndege hutozwa kwa ujazo ukizidi uzito halisi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Propela ya kipande kimoja kwenye sanduku la 185 × 25 × 20 inahesabiwa kilo 15.4 hata kama ina kilo 5. Ya mapanga yanayotoka kwenye habu, sanduku la 95 × 25 × 30, ni kilo 11.9, na sanduku fupi halivunjiki kirahisi. Kwenye hati iandikwe namba ya forodha 8807.10, propela na sehemu zake. Ikiandikwa "vipuri vya mashine" utalipishwa vingine. Kodi zingine muulize wakala wako wiki hiyo hiyo, bajeti hubadilisha mambo.

Na mwambie mkaguzi wako wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, aina ya propela kabla ya kuagiza. Ikiwa karatasi za ndege zina propela nyingine, kubadilisha baadaye ni kazi upya.

#17 Riveti_Syokimau

Nimefanya jaribio la tairi bila upepo na shoksi imegota: kitovu kimeshuka sentimita 13. Kwa inchi 72 nabaki na 13.6. Nimeamua mawili ya 72, kaboni, kinga ya nikeli, flanji ya 101.6. Swali la mwisho: nianze na pichi ipi siku ya kwanza kabla sijajua mizunguko yoyote?

#18 Mlango_wa_Hanga

Anza na pichi ya chini ambayo mtengenezaji anaipendekeza kwa 912 ULS ya hosipawa 100, pungufu nusu digrii. Siku ya kwanza ni heri mizunguko izidi kidogo uirudishe kwa gesi, kuliko ikose na ndege isipande. Jaribu ukiwa umesimama, ongeza nusu digrii kila mara hadi ufike 5,250 au karibu. Ruka asubuhi ukiwa peke yako na nusu tanki. Ukipata 5,500 wakati wa kupanda na 5,700 ukinyooka, ongeza nusu digrii nyingine, kaza, pima mapanga yote mawili, tia waya wa usalama, andika kwenye daftari la propela. Baada ya saa mbili za kuruka, fungua spina ukague mbano wa bolti zote, kisha ndipo upeleke ikapigwe mizani kwa mashine. Ukipata mtetemo wa chini ya inchi 0.07 kwa sekunde, hiyo ni nzuri sana. Ikizidi 0.2, usiendelee kuruka nayo mpaka irekebishwe.